Siku Masunga Alipoinua Fimbo

Watu wa Ufipa waliomjua mume wangu walimwogopa, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita nilimwogopa kuliko wao wote. Sisemi alinipiga. Thubutu! Hakunigusa hata kwa ncha ya kidole. Wanawake wenzangu hapa mtaani Chanji nikiwaambia hivyo wananicheka, wanasema Limbu unaficha. Sifichi kitu. Mdomo huu ninaowatukania watu wanaobinyabinya nyanya za genge langu bila kununua ndio huo huo nilioolewa nao, na Masunga aliuvumilia. Nilichokiogopa ni mkono wake ukishika fimbo.

Nikisema fimbo usifikirie kile kijiti cha kuswagia ndama. Hii ilikuwa ya mti wa mkole, imenyooka, inatoka kwenye unyayo hadi kwenye chuchu ya mwenyewe, na ukiishika vidole vinakutana kwa shida. Baba yake aliikata, akaimenya, akaipaka samli, akaiweka darini juu ya moshi wa jiko misimu miwili ya mvua mpaka ikawa nyeusi na nzito. Kwetu Usukuma, zamani, kabla bunduki hazijazagaa, hiyo ndiyo ilikuwa silaha ya mwenye ng'ombe. Mkuki ulikuwa wa simba. Upinde ulikuwa wa mwizi aliye mbali. Fimbo ilikuwa ya binadamu aliyesimama mbele yako, ambaye pengine kesho mtapatana, na ndiyo maana ilikuwa na sheria. Unapiga mguu, unapiga mkono, unapiga ubavu. Kichwa hapana. Aliyepiga kichwa alitozwa ng'ombe na kuzomewa na wasichana, na sijui kipi kiliuma zaidi. Masunga alianza kufundishwa akiwa na miaka saba, machungani, na alipofika kumi na sita hakuna kijana aliyetaka kucheza naye tena.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka chini chini. Ukimwuliza jambo leo anakujibu keshokutwa. Aliogopa chura. Mtu mzima, mabega yanajaza mlango, akimkuta chura kwenye bafu letu la nyasi anaita, "Mama Rahel, njoo umtoe!" Rahel ndiye mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa pia na ng'ombe mmoja mwekundu aliyemwimbia kila asubuhi, hadi nikamwambia basi hamia zizini kabisa, nikuletee chakula huko.

Tulihama Usukuma mwaka wa themanini na tano. Malisho yalikuwa yamekwisha, kila bonde limepandwa pamba, kila kisima kina foleni. Tuliswaga ng'ombe kwa miguu kupita Tabora na Mpanda, miezi mitatu njiani, mimi na Rahel mgongoni, mpaka tukateremka Bonde la Rukwa. Huko ndiko nilikouona mkono wa mume wangu.

Walikuja wezi watatu, saa tisa mchana, tukiwa tunanywesha. Mmoja alikuwa na panga. Masunga hakupiga kelele wala hakuwauliza kitu. Nilisikia mlio mmoja mkavu, nikadhani fimbo imevunjika. Mama yangu, ulikuwa mguu! Wale wawili walikimbia, na huyu wa panga akabaki chini ameshika goti, mfupa uko nje, anamwita mama yake. Tulimbeba wenyewe hadi zahanati, maana ungefanyaje?

Jioni ile Masunga hakula. Nikamwuliza kama anamwonea huruma yule mtu. Akasema, "Limbu, mkono ulifurahi."

Aliniita kwa jina langu, si Mama Rahel.

"Ulifurahi vipi?"

"Ulitaka tena. Wale wawili wasingekimbia, nisingeweza kuacha."

Tangu siku hiyo, kila alipotoka na ile fimbo nilimwambia neno moja: usipige. Anapeleka ng'ombe majini, usipige. Anakwenda mnadani, usipige. Wanawake wengine huwaambia waume zao nenda salama, urudi salama. Mimi nilikuwa na hilo moja tu, na nililisema miaka saba.

Mwaka uliofuata tulipanda mlima, tukafika kijiji kimoja upande wa Mwimbi, huku juu kwenye baridi. Ndugu zetu walikuwa wametutisha: mkienda Ufipa mtapigwa radi jua linawaka, huko watu wanaituma wanavyotaka. Kumbe na wenyeji walikuwa wametishwa juu yetu. Waliambiwa Msukuma haongei, anapiga. Basi tukaishi hivyo, sisi tunaangalia mawingu, wao wanaangalia fimbo.

Aliyetupokea bila kutuogopa sana alikuwa Kalisti, tuliyemwita Baba Coleta kwa jina la bintiye, pamoja na mkewe Adela. Kalisti alikuwa mkulima mwembamba, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye akisimama mbele ya mkubwa mikono inamtetemeka hadi anaificha mifukoni. Yeye ndiye aliyetufundisha ulezi wa matuta. Wafipa wanafukia majani ndani ya tuta la mviringo, yanaoza humo, udongo unapata nguvu bila mbolea ya dukani. Sisi tulimpa maziwa na samadi. Adela alinipa chungu changu cha kwanza cha kimpumu, ile pombe yao ya ulezi, nikanywa nikaimba hadi Masunga akaniona aibu. Tulikuwa majirani hasa, wa kuombana chumvi.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Kila kitu ruksa! Malori ya watu binafsi yakaanza kuja kununua mahindi hadi mlangoni, mitumba ikajaa mnadani, vijana wakavaa makoti ya Wazungu wasiowajua. Lakini mbolea waliyozoea kukopeshwa na ushirika ikawa ya kununua dukani, na duka halina undugu. Shamba la mahindi lililochoka halitoi kitu bila mbolea. Wafipa wakarudi kwenye matuta ya ulezi, wakatafuta ardhi mpya, na ardhi mpya ilikuwa lile bonde tulilochungia sisi. Sisemi walituonea. Kila mtu alikuwa na njaa yake. Ila njia ya ng'ombe ikawa nyembamba, kushoto ulezi, kulia ulezi, na kila nilipoipita na mifugo moyo ulikuwa mkononi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapodanganya. Wanasema Masunga aliingiza ng'ombe shambani makusudi. Si Masunga, ni mimi. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na mbili. Yeye alikwenda mnadani, mimi nikachunga. Nilipofika kijitoni nikajiambia niloweke nguo mbili tatu za watoto, itachukua dakika. Nikaloweka, nikafua, nikasuuza, nikaimba. Nilipoinua macho, yule ng'ombe mwekundu alikuwa katikati ya shamba la Kalisti na wenzake wote nyuma yake. Ulezi ulikuwa umeiva, unangoja kisu. Nilipofanikiwa kuwatoa, nusu ya shamba ilikuwa imelala chini na matuta yamepasuka.

Adela alikuja mikono kichwani. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tuta lililokanyagwa, akaanza kuokota masuke moja moja anayaweka kwenye kanga. Afadhali angenitukana, ningejua la kumjibu.

Masunga hakunigombeza. Alikwenda ofisi ya kijiji mwenyewe kabla hajaitwa, akatoa mitamba miwili, Kalisti akaipokea, karani akaandika, kesi ikafungwa. Kwenye karatasi ilifungwa. Lakini Kalisti hakuitikia salamu zetu tena. Akituona njiani anaingia majanini. Adela akaacha kuja kwangu. Vijana wakaanza kusimama kwenye njia panda wakitutazama, wakinyamaza tunapopita na kuanza tena kusema tukishapita. Kijiji cha pili zizi la Msukuma mwenzetu likachomwa moto, ndama wanne ndani. Moshi wowote niliouona nilikimbia kuhakikisha si kwetu. Watoto niliwakataza kucheza mbali na mlango. Na zaidi ya vijana, nilimwogopa Masunga, kwamba siku moja watamchokoza njiani, mkono ufurahi, na sisi sote tumalizwe.

Siku moja tukiwa tunakamua akasema, "Mitamba imelipa ulezi. Moyo wa Kalisti haujalipwa. Nitamwinulia fimbo."

Nusura nimwage maziwa. Ngoja nikueleze maana yake. Kwenye ukoo wa Masunga, mtu aliyekosa humwendea aliyekosewa mchana, amebeba fimbo yake. Akifika anaishika kwa mikono miwili, anailaza juu ya kichwa chake, anainamisha shingo. Aliyekosewa anachukua mti wake anaipiga ile fimbo, na anaipiga hadi hasira iishe. Fimbo inapigwa badala ya mgongo. Kisha wanakaa chini wanakula pamoja. Niliwahi kuona mara mbili nilipokuwa mke mpya, na mara zote mbili watu wazima walilia. Fikiria kichwa kiko pale chini kitupu, umekikabidhi kwa adui yako.

"Huku si kwenu," nilimwambia. "Mfipa akiona Msukuma ameinua fimbo hataona msamaha. Ataona anauawa."

"Basi kamweleze."

"Na mkono wako?"

Akanitazama. Alijua ninachouliza. Fimbo ikipigwa, mkono uliofundishwa tangu utotoni hujibu wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

"Ndiyo maana nataka," akasema.

Nikamwambia ana wazimu, na nikamwambia mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wanaokwenda kanisani. Kesho yake nikajifunga kanga nikaenda kwa Kalisti.

Adela alikuwa uani anapepeta. Alinikaribisha kwa mdomo tu, macho yako kwenye ungo. Kalisti akatoka ndani, nikawaeleza wote wawili: atakuja, atainua fimbo hivi, utaipiga, basi. Nikawaonyesha kwa mwiko. Kalisti akaingiza mikono mifukoni.

"Na akiishusha?"

"Hashushi."

"Mama Rahel, nakuuliza, na akiishusha?"

"Nakuapia kwa mtoto wangu Rahel, Baba Coleta. Hashushi."

Niliapa kwa mtoto wangu jambo nisilolijua. Mungu anisamehe, lakini ningefanyaje? Adela akaweka ungo chini.

"Mtu akija kuomba msamaha hafukuzwi," akamwambia mumewe. "Hata kama desturi yao inatisha."

Kalisti akasema, "Sawa. Lakini watu wasijue. Nitatetemeka, najijua. Sitaki kijiji kinione natetemeka mbele ya Msukuma."

Na mimi, mjinga, nikafurahi! Sikutaka watu. Watu wengi wana vinywa vingi, atatokea mmoja wa kutupa jiwe. Tukakubaliana iwe Jumapili baada ya misa, palepale shambani kwake, watu wanne tu, na mtu mwingine yeyote asiambiwe. Nilirudi nyumbani miguu myepesi, nikapika wali.

Jumapili ile upepo wa baridi ulivuma tangu asubuhi. Masunga alioga, akavaa shati lake jeupe. Njiani nilimwambia usipige sijui mara ngapi. Kalisti na Adela walikuwa wamewahi kutoka kanisani, wanatungoja kando ya matuta yaliyopasuka, Kalisti na koti lake la misa, ameshika mpini wa jembe. Nilimwona anavyotetemeka nikamhurumia.

Masunga alisimama hatua tatu mbele yake. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Jirani, nimekukosea." Hakusema mke wangu amekukosea. Akainua fimbo kwa mikono miwili, akailaza juu ya kichwa, akainamisha shingo. Mimi na Adela tulishikana mikono bila kujua.

Kalisti akagusa. Ko. Ndiyo, aligusa, usingesema amepiga.

"Hilo ni la mtoto, ndugu yangu," Masunga akasema akiwa ameinama. "Ulezi wako ulikuwa mwingi kuliko hapo."

Adela akacheka kidogo. Kalisti akapiga tena, safari hii ikalia. Nilitazama vidole vya Masunga. Vilikaza kwenye mti, vikalegea, vikakaza. Tatu. Nne. Kufikia la tano Kalisti akaanza kulia. Yale yaliyokuwa yamemjaa yakatoka, mbolea, ulezi, watoto, vijana waliokuwa wakimwita mwoga, akawa anapiga kwa nguvu zake zote huku analia kwa sauti, na fimbo haikuteremka hata shubiri moja. Nikaanza kuamini. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba nilivuta pumzi hadi chini.

Sasa wewe uko barabarani, unatoka kanisani, unasikia mti unagonga mti na mtu analia. Utafikiri nini? Unatazama bondeni, unamwona Msukuma mkubwa ameinua fimbo na Mfipa mdogo mbele yake anatoa machozi. Flavian, mdogo wake Kalisti, alikuwa utingo wa lori hapa mjini, na Jumapili ile alikuja kuwasalimu wazee. Hakuambiwa, maana hakuna aliyeambiwa. Tuliyaficha wenyewe.

"Washikaji, njooni! Msukuma anamuua kaka!"

Walikuja mbio saba au wanane, wamechomoa miti ya uzio wa zizi la mbuzi. Mimi nilipiga kelele siyo, siyo, ngojeni. Adela naye alipiga kelele. Nani anasikia? Flavian alifika wa kwanza akampiga Masunga ubavuni kwa nyuma. Nilimsikia akiguna. Wa pili akapiga mikono. Kalisti amesimama na mpini wake, mdomo wazi, sauti haitoki.

Na Masunga hakushusha fimbo.

Namjua mume wangu. Kutoka pale juu ilikuwa ni tendo moja tu: fimbo inateremka kwa upande, inamkuta Flavian shavuni, ikirudi inamkuta mwenzake. Wale walikuwa vijana wa makoti ya mitumba, hawajawahi kushika fimbo ya kupigania maishani mwao. Wawili wangekufa kabla hawajajua wamekosea. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Walimpiga mabega, walimpiga mikono, na yeye ameinamisha shingo, fimbo iko juu, miguu imezama kwenye udongo wa tuta.

Hapo ndipo mimi Limbu, niliyesema usipige miaka saba, nilifungua mdomo nikapiga kelele: Piga! Nilisema kwa Kisukuma. Piga, Masunga, waue! Nilisema mara mbili. Usinipe udhuru, kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua ninachosema. Nilitaka waanguke. Nilitaka kusikia mifupa. Nikavuta pumzi niseme mara ya tatu, vumbi la miguu yao likaniingia kooni, nikapaliwa, nikainama nakohoa.

Nikiwa nimeinama nikausikia mlio mkavu. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Masunga. Fimbo ikamwangukia mabegani, naye akapiga magoti.

Halafu yule mwoga, Kalisti, akajitupa juu yake. Alimlalia mgongoni kwa koti lake la misa, mti wa Flavian ukamkuta yeye, ndipo sauti yake ikatoka. "Acheni! Mimi ndiye ninayempiga! Ameniomba msamaha, mimi ndiye ninayempiga!" Aliyarudia maneno hayo hata baada ya wote kuacha. Flavian aliutupa mti wake, akakaa chini, akajishika kichwa.

Tulimpakia Masunga kwenye lori la mahindi, juu ya magunia, hadi hospitali mjini. Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili, vidole vitatu vya kulia vilipondeka, mbavu mbili ziliachia. Njiani kote sikuogopa tena kifo chake wala vijana. Niliogopa jambo moja: alinisikia au hakunisikia?

Pale shambani hakuna mwingine aliyeelewa. Kisukuma hawakijui. Adela alitangaza kijiji kizima kwamba Mama Rahel alikuwa akimsihi mumewe kwa kilugha chao avumilie. Wanawake wakaja kunishika mkono. Padre akatutaja kwenye mahubiri, mke mwenye hekima na mume mvumilivu. Nikasikiliza nimeinamisha uso, watu wakadhani ni unyenyekevu. Mpaka leo ninapokuambia wewe, sijawahi kumsahihisha mtu.

Masunga aliishi miaka kumi na minne zaidi. Mkono wa kushoto haukunyooka tena, akawa anachunga kwa kijiti, na hakuna Mfipa wa kijiji kile aliyetuonyesha kidole. Walimletea kesi zao aamue. Kalisti alimwita kaka. Flavian alibeba jeneza lake. Hayo yote ni kweli, na ni mazuri, lakini mimi ninabaki na siku moja ya wodini.

Ilikuwa siku ya tisa. Kalisti na Flavian walikuja na kuku na unga wa ulezi. Flavian alipiga magoti kando ya kitanda, akasema "Shikamoo, kaka." Masunga akamwambia ainuke, sakafu ya hospitali ni chafu. Kalisti akanigeukia.

"Mama Rahel, vijana wale wangali hai kwa sababu yako. Mke wangu alikusikia ukimsihi."

Masunga alikuwa anatazama dari. Walipoondoka nikachukua bakuli la uji, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na plasta na ni mimi niliyemlisha. Akameza kijiko cha kwanza, akameza cha pili.

"Nilikusikia," akasema.

Nikasimamisha kijiko.

"Ulisema mara mbili," akasema. Hakuwa na hasira. Alizungumza polepole, kama kawaida yake. "Mara ya kwanza nilikaza meno. Mara ya pili vidole vilikuwa vimeshageuka kwenye fimbo. Ungesema ya tatu, ningepiga."

Nikaweka bakuli chini. Nilijaribu kumwambia kuhusu vumbi, kwamba niliivuta ile pumzi, kwamba ya tatu ilikuwa tayari kooni, nikashindwa. Akafungua kinywa akingoja. Nikachukua kijiko nikaendelea kumlisha mpaka uji ukaisha.